Jiwe Lenye Alama ya Jani

3 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi ni mzima, ila kichwa kinanizunguka.

Uliniuliza huku maabara nafanya nini hasa. Nalinganisha jeni za wanyama: sifongo wa baharini, minyoo, sisi wenyewe. Kadiri zinavyotofautiana, ndivyo babu yetu mmoja alivyo wa zamani zaidi. Jeni zinasema wanyama walianza mamilioni mengi ya miaka kabla ya visukuku vyao, yaani alama za miili yao kwenye mawe, vya zamani kuliko vyote tulivyonavyo. Nani mkweli? Sijui. Mkuu wangu naye hajui, ila yeye hajui kwa sauti kubwa.

Kwenye simu ulitaja jiwe la karakanani kwako lenye alama kama jani. Mawe ya machimbo yenu ni ya umri huohuo ninaoutafuta, na wakati huo majani hayakuwepo duniani; huenda hiyo ni alama ya mnyama. Nitumie, tafadhali. Mwezi wa sita wakubwa wa maabara wanaamua utafiti wangu uendelee au nifungashe virago.

Kitindamimba wako

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, linanikumbusha kila ngazi.

Jiwe nimemkabidhi dereva wa lori la mizigo. Nimelishughulikia siku mbili: msasa wa kukwaruza, kisha ule laini, mwisho nta. Lile doa la jani lilikuwa sugu kweli, lakini nimelimaliza. Ukilitazama unajiona. Miaka arobaini nachonga mawe, siwezi kukutumia kitu kichafu mbele ya wakubwa wako.

Hilo la babu mmoja sijalielewa. Sifongo hili la kuogea? Nifafanulie taratibu.

Baba yako, Fundi

2 Machi

Baba,

Shikamoo. Jiwe limefika. Nimejiona, ndiyo.

Lile doa ndilo nililolitaka. Kosa ni langu, sikukwambia usiliguse. Lakini nimekasirika, Baba, na nimelia mbele ya watu.

Jiwe la namna hii likipasuliwa, alama hubaki pande zote mbili: huku imebonyea, kule imeinuka. Upande wa pili uko wapi?

Mwanao

28 Machi

Baba, shikamoo. Mbona kimya? Unaumwa?

Mwanao

16 Aprili

Mwanangu,

Marahaba kwa barua zote mbili. Siumwi. 

Upande wa pili uko juu ya kaburi la mama yako. Nililipasua jiwe wiki ile tuliyomzika. Wewe ulikuwa na mitihani, hukuja. Ni jiwe pekee nililowahi kuliweka bila kulisugua. Mikono ilikataa. Nikaona lina jani, nikasema basi, atakuwa na jani lake.

Sasa unaniambia si jani, ni mnyama, tena ndugu yetu. Nimekwenda kaburini na mtaimbo mara tatu. Naingiza ncha, nachomoa, narudi nyumbani. Mara nasikia mama yako akisema mpe mtoto, mara nasikia akinifokea. Nimechanganyikiwa, mwanangu. Wewe umesoma. Sema neno, nitafanya.

Baba yako

25 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Rudisha mtaimbo karakanani.

Tuna mpira wa majimaji unaomiminwa juu ya jiwe. Ukikauka, unabanduka na nakala ya alama yote, na jiwe halisogei. Kama wakubwa wataridhika, sijui. Nitaumimina mwenyewe. Nafika Jumamosi.

Nimekata tiketi, kisha nikakaa kitandani. Miaka miwili nimekwambia nafasi ya kuja nyumbani haipatikani, leo imepatikana kwa siku moja. Sijui nakuja kwa ajili ya jiwe au kwa ajili ya mama. Ukinipokea, usiniulize.

Usilisafishe jiwe kwa sababu ya mgeni. Nipeleke tu hadi alipolala, maana mimi njia siijui.

Kitindamimba wenu