Cha Kuweka Chini ya Jiko

Boito, Jumamosi, Julai 1994

Na leo tena jiko la chuma limekaa mlangoni bila kuwashwa, baridi kama mimi. Nyumba ni ya mbao, kwa hivyo lazima chini ya jiko tuweke kitu kisichoshika moto. Mwanangu Kipkoech ameleta vigae vinavyong'aa kutoka Kericho.

"Baba, siku hizi watu wanaweka hii."

"Vizuri sana. Nitateleza nife kisasa."

Wiki jana nilikataa simiti. Kabla ya hapo, mawe ya mto. Leo amecheka, akaahidi kurudi Jumamosi ijayo na matofali.

Kifua kinazidi kubana, na daktari ameacha kunidanganya. Basi nikiri: mawe yale yangefaa kabisa. Lakini jiko likishawaka, Kipkoech nitamwona Krismasi, kama nitaifikia.

Sijui matofali nitayapatia kasoro gani.