Neno la Siri la Baba

Jumatatu, 10 Machi
Vikombe tena. Naosha tangu asubuhi hapa kwa wazazi, Gitothua. Wageni wa rambirambi hawaishi. Mazishi ya Baba ni Ijumaa. Aliandika mwenyewe historia ya maisha yake isomwe kanisani, akaiacha kwenye kompyuta. Neno la siri aliniambia hospitalini: maua, jina la ng'ombe wetu wa kwanza. Nimeandika. Limekataa. Nimerudia. Limekataa.

Kompyuta ni mtumba wa Ufaransa. Kibodi ina A mahali pa Q, na M imetupwa pembeni. Sijali. Mimi ni sekretari, vidole vyangu haviangalii chini.

Jumanne, 11 Machi
Nimempigia fundi wa Ruiru aliyemuuzia Baba. "Madam, hapo chini kwa screen iko ENG, hiyo ni keyboard ya English. Weka FRA, ya French, alafu ufuate vile keys zimeandikwa." Nimeweka FRA, nikafuata herufi moja moja. Limekataa! Nimerudi ENG, nikaandika nilivyofundishwa chuoni. Wapi. Sielewi chochote. Labda nilisikia vibaya. Alikuwa anapumua kwa shida.

Jumatano, 12 Machi
Programu ya mazishi, pamoja na historia ya Baba, lazima ifike kwa mchapaji Thika kesho mchana. Kaka yangu Kamau ameniuliza mbele ya shangazi, "Si wewe ndio secretary?" Nimelia jikoni kwa hasira. Anataka tuandike historia yetu wenyewe. Baba alisema atajisemea. Nimechanganyikiwa kabisa.

Alhamisi, 13 Machi
Imefunguka!

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Hajawahi kugusa kompyuta. "Nyambura, baba yako hakuwa anaandika hivyo," akasema. "Alikuwa anainama. Kidole kimoja, kama kuku anadonoa mahindi." Nikaiacha ENG ilivyo. Nikainama. Nikatafuta M kwa macho, halafu A, U, A. Ikafunguka. Mama akarudi kwa chai yake.

Fundi amenieleza kwa simu. Siku ya kwanza aliweka English peke yake. Baba akatunga neno la siri akitazama vitufe vya Kifaransa, na kilichoingia hakikuwa maua. Vitone vya skrini vilificha herufi, hakujua. French iliongezwa baadaye, alipolalamika kwamba barua zake zinatoka ovyo. Yaani kila siku alifungua kwa njia isiyo sahihi, na mimi njia zangu mbili sahihi zikagonga mwamba. Kichwa bado kinaniuma.

Historia ni kurasa mbili. Katikati ameandika: "Maua ndiye aliyemsomesha Nyambura kupiga chapa. Nilipomuuza, sikumwambia mtoto." Nimekaa hapo hadi Kamau akaja kuniita. Sikujua. Niliambiwa ng'ombe alikufa kwa ugonjwa.

Jumapili, 16 Machi
Tumemzika salama. Kamau alisoma vizuri, ila mstari wa Maua aliusoma mara mbili.

Fundi amepiga simu, anataka kuja kutengeneza lile neno la siri. Nimemwambia aache. Mchana nimewasha kompyuta, nimeinama, kidole kimoja. Sikuwa na cha kuandika. Nimeizima, nikaenda kumsaidia Mama kuosha sufuria.