Mlango wa Chumba cha Mama

Alhamisi, Novemba 1997. Huu ni mwezi wa nane tangu niondoke Kasulu. Mvua imeshinda ikinyesha, na kutoka huku kwenye mawe ya Ilemela, Mwanza, ziwa silioni kabisa.

Bosi wetu, mwenye biashara ya minofu ya sangara, alinionyesha mimi, seremala wake, picha kwenye jarida. Anataka milango ya ndani ya nyumba yake mpya ikae sawasawa na ukuta: pembeni pasiwe na ule ubao wa kuziba ufa wa fremu, pasiwe na kitasa, na rangi iwe moja na ya ukuta. Kwa nje unasukuma tu. Kwa ndani nimechonga kijishimo cha kidole cha kuvutia. Masatu, mwashi wetu Mjita, alipiga plasta mpaka kwenye ukingo wa fremu huku akicheka kwamba bosi akirudi amelewa atalala koridoni akitafuta chumba.

Leo asubuhi mama yake bosi aliletwa kutoka Magu kuona chumba chake. Macho yake hafifu. Nilimwamkia, akaitikia, akaingia. Upepo ukaufunga mlango nyuma yake.

Halafu nikasikia viganja. Havikugonga. Vilipapasa ukuta polepole, vikazunguka chumba kizima, vikapita juu ya mlango wangu bila kuutambua.

Nilisimama na randa mkononi. Sikwenda kumfungulia.

Mama yangu alizikwa Agosti. Habari zilinifikia watu wameshatawanyika. Tangu hapo, nikiwa peke yangu, nasikia sauti kama ile ile, kama udongo unapapaswa kutoka ndani.

Masatu ndiye aliyeusukuma mlango. Yule mama alitoka, akampita, akaja kunishika mkono.

"Mwanangu, nimekutafuta sana. Ulikuwa wapi?"

Alimaanisha fundi tu aliyemwamkia, aje kumfungulia. Najua.

Mchana nilipigilia mbao za mninga kuzunguka mlango wake, ndani na nje, nikaweka na kitasa kikubwa cha chuma. Bosi alipofika alisema nimemharibia nyumba, nizing'oe mara moja. Mama yake akakishika kitasa, akafungua, akafunga, akafungua tena.

"Akiking'oa hiki, mimi narudi Magu."

Bosi akaondoka bila kuniangalia.

Nyumbani hawajaanua matanga. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, wananingoja. Kila wakituma salamu nasingizia kazi. Kazi haijanizuia. Naogopa kaburi. Naogopa nikifika pale nitaulizwa swali lile lile la yule mama, na safari hii litakuwa langu kweli.

Basi niulizwe.

Nimemwomba Masatu amalizie milango iliyobaki, amekubali. Jumamosi napanda treni hadi Tabora, nibadilishe ya Kigoma. Nitakaa nyumbani mpaka matanga yaishe. Kurudi Mwanza, tuseme kabla ya Krismasi.