Kaka alitangaza ngumi kwanza

Pokea simu basi! Niko hospitali. Shemeji hajazinduka.

Si unaijua ile anime yetu ya utotoni, ile katuni ya Kijapani, shujaa lazima ataje jina la pigo kwa sauti ndiyo apige? Leo kaka kaiweka tena, tuko sebuleni na shemeji. Huyo mume wa dada akacheka mpaka basi. "Takataka! Kwenye hizi mpya mtu anakatwa kichwa hata hajageuka."

Na kaka unamjua, ile anime usimguse. Wakatukanana, wakasukumana, mara kaka karudi nyuma, kakunja ngumi, anapiga kelele: "NGUMI YA RADI YA..."

Hajamaliza! Nakwambia hajamaliza kutaja, shemeji kamtwanga stuli ya mdomo. Jino likaruka mpaka chini ya kabati. Damu kila mahali!

Shemeji anahema, anacheka: "Umeona? Mpya hazitangazi."

Dada alikuwa mlangoni na sinia la chai. Akasema taratibu, macho kwenye vikombe: "Na mimi huwa hanitangazii."

Kaka akatema damu, akanyanyuka. Safari hii hakutaja jina la pigo lolote.