Uboho wa Mzazi Ninampa Bibi

Shikamoo Mama Mshauri,

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata padri kwenye kitubio. Ninaiba chakula cha mzazi. Wifi yangu Margareta amejifungua na kaka Basili humletea mifupa ya ng'ombe ya mtori, ile supu nzito ya ndizi anayopikiwa mzazi, mpishi ni mimi, basi kabla sijampelekea nagonga mifupa, natoa uboho wote nampa bibi, kwa sababu daktari alisema uboho wa bibi umezeeka, hautengenezi tena chembe nyeupe za damu za kutosha kupigana na magonjwa, ndiyo maana mafua kidogo tu kwake yanageuka nimonia, nami nikawaza labda uboho utajazia uboho.

Namtamani bibi wa zamani, aliyepanda kutoka bondeni na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani akiwatania wanaume, "Pisheni, wenye nguvu tunapita." Sasa anakaa mlangoni anatazama migomba.

Jana wifi alisema, "Wifi, mifupa ya kaka yako siku hizi mitupu kama ahadi zake." Nikacheka naye, moyo unaniuma.

Je, hospitali wanaweza kuchukua uboho wangu wakampa bibi? Nimemaliza kidato cha nne, siumwi chochote. Tafadhali usitaje jina langu, na wewe msomaji ukiitambua nyumba yetu hapa Kibosho, nakuomba unitunzie siri.

Marahaba, binti yangu.

Jina lako halitatoka. Lakini wizi huo uishe leo. Uboho ukiliwa unasagwa tumboni kama nyama nyingine, hauendi kukaa kwenye mifupa ya bibi, na huku unampunja anayenyonyesha. Kupandikiza uboho ni tiba ya magonjwa mengine mazito, si ya uzee. Najua jibu hili linauma. Ungetoa hata mfupa wenyewe, naye asingerudi kuwa yule unayemtamani.

Uboho wake haujafa, umepunguza kasi. Mwenye mafua, awe mjukuu au mgeni wa heshima, amsalimie kutokea uani. Nawa kwa sabuni kabla ya kumlisha. Asilale penye moshi. Akipata homa au akihema kwa shida, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, msisubiri kikao cha ukoo.

Kwa wifi yako nenda mwenyewe ukamwombe radhi. Atafoka kidogo, mwache afoke.

Kisha rudi mlangoni ukae na bibi. Huyo aliyepo sasa naye utakuja kumtamani.