Breki Zilizong'ang'ania Tela la Mashua

Itaka, Mbozi,
Mkoa wa Mbeya.
11 Aprili 1976

Mpendwa mdogo wangu Lusubilo,

Pokea salamu za nyumbani. Hamjambo huko Kitwe, wewe, shemeji Jenista na watoto? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kusema ni vumbi la mgodini tu? Sisi tu wazima. Mama yako pia yu mzima. Nalitanguliza hilo kwa makusudi, maana huenda redio imekwisha kukuambia kuwa Mto Songwe umefurika.

Umefurika kweli. Kile kijiji kipya cha bondeni, upande wa Mbangala, alikohamishiwa mama mdogo, yaani mama yako, mwaka juzi, kimezama. Nilisimama mkutanoni nikasema pale ni njia ya maji, nikaambiwa nina kasumba ya kikoloni. Mimi naupenda ujamaa kuliko hao walionizomea, lakini kuishi pamoja si kuzama pamoja!

Jumanne asubuhi tulisikia kuwa mama yako na majirani zake wamekimbilia juu ya kichuguu, maji yamewazunguka. Mashua ya karibu ilikuwa moja tu: ile ya chuma ya ushirika wa wavuvi, ambayo mwenyekiti wetu Boazi ameiweka hapa Itaka mbele ya ofisi ili wageni waione. Nani amewahi kuvua samaki kwenye mibuni?

Athuman, dereva wa lori kutoka Tunduma, alifunga tela la mashua nyuma ya lori lake, akavuta. Magurudumu hayakuzunguka hata kidogo. Yaliburuzwa mpaka mipira ikanuka. Siku ya sherehe ya uzinduzi tela lile lilitumbukizwa Ziwa Rukwa, kwenye maji ya magadi, kisha likarudishwa hapa, na Boazi akaamuru handbreki ivutwe mpaka mwisho ili mashua isiibwe. Mvua zote zimelinyeshea hivyo hivyo. Viatu vya breki vikagandana kwa kutu na ngoma zake, yale mabakuli ya chuma yanayovifunika.

Tulipochukua nyundo, Boazi alikuja mbio. "Hakuna kugonga! Hiyo ni mali ya umma. Tusubiri kibali kutoka wilayani Vwawa."

"Umma uko juu ya kichuguu," nikamjibu. "Nenda kauombe kibali huko."

Athuman, akiwa chini ya tela, akapiga kelele: "Mzee Mika, hotuba hailegezi breki! Lete jeki!"

Tulilegeza handbreki, tukainua tela, tukavua magurudumu. Athuman alimimina mafuta ya taa kuzunguka kitovu, akaingiza bisibisi kwenye tundu la nyuma ya ngoma kulegeza viatu, nami nikagonga ukingo wa ngoma pande zote. Ya kushoto ilitoka. Ya kulia ikakataa katakata. Tukarudia mafuta, tukarudia nyundo, hamna kitu. Hapo akafika mtu wa baiskeli, ametapakaa matope, akasema kichuguu kimebaki upana wa kitanda.

Nikainua nyundo kubwa. Boazi akanishika mkono. Nilimwambia auondoe wake, la sivyo nitaanza nao. Akauondoa. Nikapiga kwa nguvu zote, ngoma ikapasuka. Athuman akang'oa vipande na viatu vyake, tukarudisha magurudumu, tukaondoka.

Ndugu yangu, ule mteremko! Tela halikuwa na breki, lilikuwa likilisukuma lori kwa nyuma, barabara utelezi mtupu. Athuman alikuwa akisoma dua kwa sauti. Mimi, nisiyenyamazishwa na mtu, nilikuwa nikiitikia amina kila alipovuta pumzi.

Tuliwakuta maji yamewafika magotini. Mama yako alikataa kupanda mpaka watoto wa jirani yake Tabita waingie wote, akatukaripia kwa kuchelewa. Mbuzi wake wamekwenda na maji. Kwa sasa analala kwangu.

Sasa nimeitwa kwenye kamati Jumamosi, nijibu kwa nini nimeharibu mali ya umma. Nilikuwa nimeandaa maneno makali ya kurasa nne. Mama yako amesema niyaache nyumbani. Atakwenda yeye, akae kiti cha mbele, na watakaotaka kuuliza habari za ngoma ya breki waulize wakimtazama usoni.

Nisalimie shemeji na watoto. Tabita na Athuman wanakusalimu. Mungu akulinde huko chini ya ardhi kama alivyomlinda mama yako juu ya maji.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye bila kupoa,
Mika