Gesi Hainyonyeki

Mkolani,
Mwanza.
9 Agosti, 1998

Mpendwa mdogo wangu Alexander,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Rotterdam, na kwamba lile jino limeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo. Goti la mama limetulia tangu mvua zilipokatika, na sasa anakwenda kanisani kwa miguu na kurudi, na ole wake atakayethubutu kumshika mkono. Shemeji yako Suzana yu salama. Watoto wamefungua shule, nyumba imepumua.

Nimekujulia hali kwanza kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Sasa naomba uvute kiti, maana nimekasirika.

Barua yako niliipata. Niliisoma nikiwa nimesimama pale posta, nikairudia nyumbani nikiwa nimekaa, na mara zote mbili maneno yalikuwa yaleyale: niwafukuze madereva wote sita, na nianze na Maige ili wengine wajue kwamba hatuna upendeleo. Maige, Alexander! Mume wa dada yetu Rebeka, aliyekufundisha kushika usukani ukiwa hata miguu haijafika vizuri kwenye klachi. Ulipokuwa unaandika hilo jina, kalamu haikukwama?

Nilipokuandikia kwamba wanatishia kugoma sikuwa najua ninalolijua leo. Kwa hiyo nisikilize kwanza, halafu ndiyo uendelee kufukuza watu kutoka Ulaya.

Kuhusu gesi yenyewe sina ugomvi na wewe. Ulipokuja likizo mwezi wa pili ukafunga ile mitambo ya gesi badala ya petroli kwenye magari yetu ya mkate kwa mikono yako, mimi ndiye niliyekuunga mkono kabla ya mtu yeyote, na bado nimesimama palepale. Plagi zinatoka safi. Oili tuliyozoea kuimwaga ikiwa nyeusi kama lami, sasa inatoka na rangi ya chai ya mkandaa. Mitungi inashushwa bandarini kutoka Kisumu, inafungwa kwenye vile vizimba vya chuma ulivyovichomelea nyuma ya kabini ya dereva, na safari za Buhongwa na Ilemela zinakwenda bila shida. Tena mkate wetu umeacha kunuka petroli. Unakumbuka aibu ile, wenye maduka wakiturudishia kreti nzima huku wameziba pua.

Mji ulicheka, hilo nilikuandikia. Gesi kwa watu wetu ni kitu cha jikoni, tena jikoni kwa matajiri. Dereva akisimama mahali tu, utasikia, “Ngosha, maharage bado hayajaiva?” Mwingine anadakia, “Punguza moto, yanaungua!” Chenge, yule kijana wetu mwenye mdomo, wamempachika jina la mama ntilie wa magurudumu. Naye hakai kimya. Huwajibu, “Njooni na sahani zenu, leo kuna nyama!”

Halafu akatokea yule mwenye kituo cha mafuta ambaye tulikuwa tunajaza kwake. Akaanza kueneza kwamba kuna gari la gesi limelipuka Shinyanga na dereva hakupatikana hata kiatu. Nilimfuata mwenyewe. Nikamwuliza, gari la nani? Lilikuwa limebeba nini? Nani alizika? Akaanza kung'ang'ana na kikokotoo chake. Nikamwambia mbele ya wateja kwamba kilicholipuka ni mauzo yake. Hadi leo hatusalimiani, na sijambo.

Kwa hiyo wiki iliyopita, asubuhi nilipokuta magari yote sita yamepangwa uani, na funguo zimewekwa kwenye meza ya Rebeka ya kukandia unga, nilijua ni uongo wa yule bwana umewaingia. Mkate ulikuwa unapoa kwenye kreti. Rebeka alikuwa anahangaika kutafuta vijana wa baiskeli, na mumewe amekaa kwenye ngazi pamoja na wenzake, hatazami upande wake. Chenge ndiye aliyesema kwa niaba yao, “Kaka mkubwa, bomu haliendeshwi.”

Unanijua. Niliwapa somo. Niliwaeleza kwamba mtungi ule ni wa chuma kinene kuliko bati la tangi la petroli walilokaa nalo miaka yote bila kusali. Niliwaeleza kwamba gesi ile imetiwa harufu mbaya makusudi, ili ikivuja tu pua ijue kabla ya moto. Niliwaeleza habari za teksi za huko uliko zinazokwenda kwa gesi. Nilisema mpaka koo likakauka, nao wakanitazama kama wanafunzi wanaosubiri kengele.

Nilipomaliza, Maige akasimama, akajikung'uta suruali.

“Shemeji, umesoma, na tumekusikia. Lakini sisi hatuogopi kulipuka. Tunaogopa mwisho wa mwezi.”

“Mwisho wa mwezi una nini?”

“Hauna kitu. Ndiyo maana tunauogopa.”

Wote wakacheka isipokuwa mimi. Chenge akaona bado sijaelewa, akanihurumia. “Petroli ilikuwa inanyonyeka, kaka. Hii ukiinyonya utakutwa umeganda midomo kwa baridi yake.”

Hapo ndipo nilipoelewa, Alexander, na ndipo nilipojua pia kwa nini mkate ulikuwa unanuka. Kila gari lilikuwa na mpira na dumu. Dumu lilisafiri katikati ya kreti, likauzwa kwa wenye pikipiki na mashine za kusaga huko njiani. Wewe na mimi tulikuwa tunalaumu tangi bovu.

Nilipandwa na hasira. Niliwaita wezi, kwa sauti iliyomtoa Rebeka jikoni. Nikategemea Maige ainamishe kichwa, kwa kuwa ni mtu mzima na mke wake alikuwa anasikia. Hakuinamisha.

“Mlikuwa mnatulipa nusu, shemeji,” akasema. “Nusu iliyobaki tulikuwa tunajilipa wenyewe kwa mpira. Kila mwenye gari mji huu anajua. Ungeniuliza, ningekuambia.”

Ilinibidi nikubali. Mshahara tunaowapa hauwezi kulisha nyumba, sote tunajua, na hatukuwahi kujiuliza nyumba hizo zinakulaje. Tulipoambiwa kwamba hivyo ndivyo madereva wanavyolipwa Mwanza, tukaitikia, tukaona tunafuata soko.

Sasa nije kwenye barua yako. Neno “ufanisi” umelitumia karibu kila aya. Nakuomba ulitoe kinywani unapozungumza na mimi. Mimi nilipunguzwa kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba kwa neno hilohilo. Walikuja watu wenye tai, wakatuonyesha michoro kwenye ubao, wakasema kiwanda kitakuwa na ufanisi, na mchana huohuo tukaambiwa tuvue maovaroli. Kiwanda leo kinafugiwa popo. Waliotuonyesha michoro wamejenga. Kila wanapotaka kubana matumizi katika nchi hii, mkono wao unajua wenyewe mfuko wa kuingia, na siku zote ni mfuko wa mtu asiyealikwa kwenye mkutano.

Sitetei wizi. Dumu lilikuwa wizi, na mtu asinipake rangi nyingine. Ninachosema ni kwamba wewe umeziba tundu kwa mtambo mzuri kabisa, ukafurahia faida, na hukuuliza nani alikuwa anakunywa maji kwenye tundu lile. Mapato yaliyoongezeka tangu mwezi wa tatu umeyaita akili yako. Sehemu ni akili yako, nakubali. Sehemu nyingine ni uji wa watoto wa Chenge.

Na kama unataka tuzungumze wizi, tuzungumze mpaka mwisho. Miaka yote uliyosoma ufundi ulilala na kula kwa Maige. Wakati huo alikuwa anaendesha lori la ushirika, na ushirika ulikuwa unakaa miezi bila kulipa. Wali ulikuwepo mezani. Viatu vya shule ulivaa. Unadhani lori lile lilikuwa linatumia mafuta kiasi gani? Nimeipa akili yako swali hilo, sina haja ya jibu kwa maandishi.

Nimeamua hivi, na nimekwisha kutekeleza. Madereva nimewaongezea mshahara kutoka kwenye kile gesi inachookoa, kiasi ambacho mtu anaweza kuishi bila mpira. Sharti ni moja tu: akionekana mtu anauza chochote cha gari, hata kama ni Maige, anashuka hapohapo. Waliposikia, hawakupiga makofi. Chenge alisema kiasi hicho angekitaka tangu mwaka jana. Kisha wakachukua funguo mezani, moja moja, na mkate ukatoka ukiwa bado una joto.

Wewe utabaki na faida ndogo kuliko uliyoizoea tangu mwezi wa tatu, lakini kubwa kuliko ya siku za petroli. Kama hiyo haikutoshi, magari ni yako, sibishi. Ila kumfukuza Maige sitakusaidia. Panda ndege uje uifanye kazi hiyo mwenyewe. Na ujue kabisa kwamba ukitua uwanja wa ndege pale Ilemela, atakayekuja kukupokea na kukubebea mizigo ni yeye, maana mimi gari siwezi na teksi hatakubali upande. Utamwambia njiani.

Mama anakusalimu sana, anauliza lini utaleta mke. Suzana anakusalimu. Rebeka anakusalimu, amekutengea unga wa muhogo wa kukupelekea akipatikana msafiri. Hajui uliyoyaandika, na kwangu hatayajua. Maige naye anakusalimu. Amesema gari lake likipanda kilima linakohoa kidogo, anadhani ni ule mpira mwembamba ndani ya kile kifaa cha kupunguza mgandamizo wa gesi, na anaomba umletee mwingine kwa sababu aliyefunga ni wewe na yeye hamwamini fundi mwingine.

Mungu akulinde na baridi, na akupe moyo mpana kuliko mfuko.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata nikiwa nimefura,

Ndalahwa